Vipimo vya Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 2 Machi

Leo tumerudi nyumbani. Naandika kwa nyuma ya daftari la vipimo vya wateja kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, na kwa sababu muuguzi ameniagiza niandike kila asubuhi bila kukosa. Mbele kuna viuno vya watu, nyuma utakuwepo mguu wa mume wangu.

Siku kumi na moja tumekaa hospitalini. Alianza kwa kusema shavu la mguu wa kushoto linamvuta. Nikamjibu kwamba miaka sabini na miwili, nusu yake anakanyaga cherehani, alitaka mguu umpigie makofi? Siku ya tatu akashindwa kupanda ngazi za mlangoni, na ni ngazi tatu tu. Akakaa pale chini anahema kama mtu aliyekimbizwa. Kumbe damu ilikuwa imeganda mguuni, na kipande kimenyofoka kikapanda hadi mapafuni.

Daktari ni mwanamke mpole, umri wa binti yetu. Alitaka kutueleza sote wawili. Mume wangu akamkatiza: "Mweleze mke wangu. Vipimo vyote huandika yeye." Akabaki kitandani anakagua mshono wa pazia. Basi nikaenda ofisini peke yangu, nikaambiwa haya. Kwa mtu wa umri wake, donge la damu likishafika mapafuni, miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuogopwa. Katika wazee kumi kama yeye, mmoja, pengine wawili, hawaimalizi. Kinachomshikilia ni kidonge cha kuzuia damu isigande, asubuhi kimoja na jioni kimoja, bila kuruka hata siku moja. Na mguu upimwe kila siku. Muuguzi akaupima mbele yangu, sentimita arobaini na moja, akaweka alama ya kalamu pale pa kupimia. "Ukivuka hapo, mama, msingoje kesho."

Daktari akauliza kama amwite mzee asikie naye. Nikasema nitamwambia mwenyewe. Namjua mume wangu, ukimwambia ana mafua anaanza kugawa mashati yake.

Tulipofika nikatoa tepu ukutani nikampima. Thelathini na tisa na nusu. Umepungua njiani. Nilicheka peke yangu.

Akaniuliza daktari alisema nini. Nikamwambia, "Unywe dawa, mguu utapungua." Si uongo. Ni nusu ya maneno tu.

3 Machi

Thelathini na tisa na nusu. Amekunywa asubuhi na jioni. Siku ya pili kati ya tisini.

5 Machi

Thelathini na tisa na nusu.

Wifi amekuja na mabegi matatu, maana yake haondoki karibuni. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Kwa miaka thelathini alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, na hadi leo akiingia chumbani watu wazima wanakaa wima. Hakumaliza dakika kumi ameshahamisha sufuria zangu kutoka kulia kwenda kushoto.

Sijawahi kupatana na wifi. Siku ya harusi yangu aligeuza upindo wa gauni langu mbele ya watu, akautazama, akasema, "Hapa fundi alikuwa na haraka." Fundi nilikuwa mimi.

8 Machi

Thelathini na tisa. Jumapili.

Binti yetu amepiga simu. Yuko mbali na kazi yake haimpi likizo mpaka katikati ya mwaka. Alimuuliza baba yake kama ile tepu mpya aliyomletea anaitumia. Ipo kwenye droo, bado ndani ya mfuko wake. "Tepu mpya haina adabu," baba mtu akamjibu. Hii yetu ni ya kitambaa kilichopakwa nta, tuliinunua siku tuliyofungua duka, na duka ni hiki chumba cha mbele chenye cherehani mbili zinazotazamana. Miaka thelathini na moja. Namba za mwanzo zimefutika, tunazijua kwa moyo. Hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo kwa sababu ya kipimo. Mtaani wanamwita Fundi Nusu, maana kila anayeingia humwambia kwamba nusu inchi ndiyo inayotenganisha nguo na gunia.

12 Machi

Thelathini na nane na nusu. Mvua imeanza.

15 Machi

Thelathini na nane. Mvua. Ametembea mpaka kwa muuza magazeti na kurudi. Hakuhema.

19 Machi

Thelathini na nane kasoro kidogo.

Mwalimu mkuu wa shule iliyo juu ya kilima amekuja na mwavuli uliovunjika na karatasi mbili. Shule inafunguliwa mapema Mei, wanataka mashati themanini meupe. Nikasema hatuwezi, mzee anaumwa. Mume wangu akasema anaweza. "Nikikaa bure ndipo nitakapoganda." Mwalimu akacheka, mimi sikucheka.

Kwa kawaida sisi hupima wenyewe. Lakini watoto wako likizo na mvua hii, kwa hiyo mwalimu aliwapima shuleni kabla hawajafunga na kuandika kila kitu kwenye karatasi, jina la mtoto, shingo, kifua, mkono, urefu. Mwandiko mzuri. Mume wangu alizipitia zile karatasi kama mtu anayesoma barua. Sijamwona na uso ule tangu augue, ndiyo maana nilinyamaza.

21 Machi

Thelathini na saba na nusu. Tumeanza kukata. Mimi nakata, yeye anashona, wifi anatusimamia bila kuombwa. Kila saa inapotimia anamwinua kaka yake atembee chumbani mara kumi. Hilo daktari alilisema, nakubali.

22 Machi

Thelathini na saba na nusu. Sindano imemchoma kidoleni. Kitu cha kila siku kwa fundi, unanyonya kidole unaendelea. Lakini kwa sababu ya ile dawa damu haikukata. Ilitoka, ikatoka, na kabla hatujapata kitambaa imeshaangukia kola mbili nyeupe. Tukaosha kwa maji baridi na sabuni, alama ikabaki, rangi ya chai. Akazichana zile kola akakata nyingine.

"Dawa hii imenigeuza bomba," alisema.

Nikamwambia avae kastabini, ile kofia ya bati ya kidole. Amesema kastabini inamziba asisikie kitambaa. Nikamwacha.

24 Machi

Thelathini na saba. Haijawahi kuwa chini hivi. Nilitaka kumwambia wifi mambo ya miezi mitatu, tufurahi pamoja, nikaona nitamwambia ikitimia.

25 Machi. Thelathini na saba. Mvua.

26 Machi. Thelathini na saba. Mvua. Hakujichoma tena, au hatoki damu tena. Kola zote safi.

28 Machi

Thelathini na saba.

Leo nimemkanya wifi. Asubuhi mume wangu amekunywa kidonge chake, wifi akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Fungua mdomo nione."

Mzee akamtazama. "Dada, mimi nina wajukuu."

"Hata mjukuu wako huangaliwa chini ya ulimi. Nimelea wasichana mia mbili, namjua anayemeza na anayejifanya kumeza."

Nilichemka. Nikamwambia, "Wifi, mume wangu si mwanafunzi wako, na hapa si bwenini." Wifi akachukua ufagio akaenda uani kufagia maji ya mvua, kama vile maji yanafagilika. Mume wangu akanikonyeza. Niliona raha, nakiri. Miaka yote hii sijawahi kumshinda wifi katika jambo lolote.

2 Aprili

Thelathini na saba na nusu. Amekaa sana jana, ni hilo.

6 Aprili

Thelathini na nane. Mvua haijakatika siku tano. Nguo hazikauki, pasi inanuka ukungu. Mashati ishirini na sita tayari.

10 Aprili

Thelathini na nane.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Maji yamefunika daraja la chini, magari yamesimama pande zote mbili. Nikapiga simu, wakasema njooni tarehe ishirini na nne. Wifi alitaka tuzunguke kwa barabara ya juu, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Mume wangu akasema na haya mashati je? Mimi nikasema tepu iko chini ya arobaini na moja, tungoje.

13 Aprili

Thelathini na nane na nusu. Wifi anasema mguu unavimba.

Namwambia umezidi nusu tu. Anasema yeye hasomi namba, anasoma ngozi, na ngozi inang'aa. Akabonyeza kwa kidole pale juu ya kifundo, shimo likabaki. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. Mume wangu akajibu kwamba guu lenyewe ndilo hilo, limeshatangulia. Tukacheka wawili, wifi hakucheka.

Mpaka ni arobaini na moja. Muuguzi alisema hivyo, nimeandika mwenyewe.

17 Aprili

Thelathini na tisa na nusu. Sawa na siku tuliyorudi. Hakuna kilichoharibika, nimejiambia. Wifi haongei nami, anaongea na sufuria.

20 Aprili

Thelathini na tisa na nusu. Mwalimu amechukua mashati arobaini ya mwanzo. Ameyasifia mpaka mume wangu akainama kuokota pini ambayo haikuwepo.

21 Aprili

Arobaini kasoro. Anasema mguu ni mzito, si maumivu. Amenyanyuka mara mbili tu leo, wifi alikwenda sokoni.

22 Aprili

Arobaini. Bado chini.

23 Aprili

Nitaandika polepole, kwa sababu nikiharakisha nitaruka kitu.

Saa nne asubuhi mwalimu alirudi. Aliweka furushi mezani, hakutaka kukaa. Akasema, kwa aibu ya mtu asiyezoea kulalamika, "Fundi, mashati yamewameza watoto." Kumi na wawili wameyajaribu, wote kumi na wawili yamewazidi. Mikono inafunika vidole. Shingo zinalegea.

Mume wangu alisema huenda mwalimu alikosea kupima. Mwalimu akatoa tepu yake mkobani akaitandika juu ya shati. Mkono ulioandikwa inchi ishirini na mbili ulikuwa karibu ishirini na tatu. Mume wangu akachukua tepu yetu akaiweka juu ya mkono uleule. Ishirini na mbili kamili. Tukatazamana, yeye na mimi na mwalimu, na mashati yako katikati.

Nilifungua droo nikaichana ile nailoni ya tepu ya binti yetu. Tepu mpya nikailaza mezani, ya zamani ubavuni mwake, mwanzo kwa mwanzo. Ile ya zamani ilipoandika mia na hamsini, mpya iliandika mia na hamsini na sita.

Imevutika. Miaka thelathini na moja tunaivuta kwenye viuno vya watu, tunaining'iniza msumarini, kitambaa kimelegea kidogo kidogo na sisi hatukujua. Tungejuaje? Tulimpima mtu kwa tepu hiyo, tukamkatia kwa tepu hiyohiyo. Ikidanganya kwenye kupima inadanganya vilevile kwenye kukata, na nguo inamkaa. Haya mashati ndiyo nguo za kwanza tulizokata kwa vipimo vya mtu mwingine.

Mume wangu alikuwa ameduwaa kwa ajili ya mashati. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti. Nilipandisha suruali yake mbele ya mwalimu, sikujali, nikazungusha tepu mpya pale pa alama. Arobaini na moja na nusu. Nikapima tena. Arobaini na moja na nusu, na kidogo zaidi.

Tangu Machi nimekuwa nikiandika uongo kwa mwandiko mzuri. Siku tuliyorudi mguu haukupungua njiani wala nini. Na siku ambayo wifi alibonyeza kwa kidole ulikuwa umefika arobaini.

Nikasema twende hospitali sasa hivi. Akasema kesho ni kliniki, si ni kesho tu? Nikapiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mume wangu mbele ya mgeni. Mwalimu akatupeleka kwa gari lake, kwa barabara ya juu, saa tatu, vioo vikivuja. Njiani alianza kuhema.

Daktari alimpiga picha ya mguu, na nyingine ya kifua. Donge jipya mguuni, na mapafuni pia. Akanitoa nje. "Mama, ameruka dawa?" Nikasema hajaruka hata kidonge kimoja, nampa mwenyewe kwa mkono wangu asubuhi na jioni. Niliapa.

24 Aprili

Wifi amefika saa sita mchana, viatu mkononi. Alibaki nyumbani kumalizia vifungo vya mashati yaliyobaki, maana hawezi kukaa bila kazi. Alinivuta pembeni, akafungua leso.

"Kifungo hiki hakina matundu," akasema.

Vilikuwa vidonge. Vyeupe, vidogo, ukubwa wa vifungo vya shati. Alivikuta kwenye kopo la vifungo, vimechanganyika humo. Ameviokota kimoja kimoja, hamsini na tisa. Kumbe mume wangu alikuwa anavitia mdomoni, anakunywa maji, anakonyeza, anaenda kukaa kwenye cherehani yake na kuvitema koponi.

Nilingoja wifi aseme, "Nilikwambia." Alikuwa na haki, ningeinamisha kichwa. Hakusema. Alifunga leso, akaniuliza kama nimekula.

Nikampelekea daktari. Hakukasirika, ingekuwa nafuu kama angekasirika. Akauliza, "Mzee alijua hiki kidonge ni cha nini?"

25 Aprili

Anapumua kwa bomba la hewa puani, ila anaongea. Nilivuta kiti karibu, nikamwonyesha leso. Aligeuzia uso ukutani, kisha akaurudisha.

"Mashati meupe," akasema.

"Najua."

"Nikichomwa natoka damu dakika ishirini. Nikajaribu kuacha siku mbili, damu ikakata. Nikasema nikimaliza meupe nitavinywa vyote."

"Havinywewi vyote pamoja."

"Sasa nimejua. Nilidhani ni kidonge cha mguu. Nikasema mguu utasubiri." Akapumzika. "Huyu binti daktari ameniambia jana. Mmoja au wawili katika kumi. Kumbe wewe ulijua tangu Machi."

Nikasema nilijua.

"Ungeniambia."

"Ungeogopa."

"Ningeogopa," akasema. "Ningekunywa."

Nililia pale pale mbele ya wagonjwa wengine watano, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba nilitaka alale usingizi. Miaka yote namjua kwa woga wake, ndio uliomfanya awe fundi mzuri, anaogopa kukosea nusu inchi. Nikamnyang'anya woga wake siku ambayo ungemfaa.

Alinishika mkono. "Wewe ulificha lako, mimi nikaficha langu. Tumetoka sare." Akacheka, kikohozi kikamkatiza.

26 Aprili

Amekula vijiko sita. Wifi anamlisha. Anafungua mdomo bila kuambiwa, anameza, anautoa ulimi nje wote ili dada yake aone. Wifi anasema, "Vizuri, nenda darasani."

27 Aprili

Muuguzi amepima, arobaini na moja. Dawa sasa anachomwa tumboni. Binti yetu ameomba ruhusa, amenyimwa, anaomba tena.

29 Aprili

Arobaini na nusu. Hewa kidogo inamtosha sasa. Ameuliza habari za mashati. Nikamwambia mwalimu amesema watoto watayavaa hivyo hivyo, watakua. Akasema, "Wakunje mikono mara mbili, si mara moja, itashuka." Nikaahidi kumwambia mwalimu.

Tumekaa na wifi benchi la nje, mvua imekatika kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Nikamwambia yote, miezi mitatu, kumi, wawili, na kwamba nilinyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema bwenini kuna msichana alimfia akiwa na homa, yeye wifi aliogopa kuwaita wazazi wa mtoto asije akawatisha bure, akangoja asubuhi. Miaka ishirini na mbili hajawahi kumweleza mtu. Ndiyo maana hangoji tena, huwa anawafungua watu midomo. Nilimjua mwanamke huyu miaka arobaini, kumbe sikumjua.

30 Aprili

Arobaini. Ameketi mwenyewe. Amesema pazia la wodi lilishonwa na mtu aliyekuwa na haraka.

1 Mei

Saa mbili kasorobo asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kumchotea maji ya kunawa. Wifi alikuwepo. Mume wangu alimwambia, "Dada, nimechoka kidogo," akaegemea mto, basi. Daktari na wauguzi walifanya kazi nusu saa. Nilirudi nikawakuta wamemzunguka, beseni mkononi, nikalibeba mpaka mtu akanipokonya.

Siku ya sitini na moja.

2 Mei

Binti yetu amefika. Walimpa ruhusa jana mchana.

Amenikuta nimelala kwenye kochi la dukani, viatu miguuni. Hakuniuliza kitu. Nitamweleza, na nitamweleza yote. Nusu ya maneno imeshanitosha.

3 Mei

Anazikwa kesho. Nimesema hatazikwa na nguo ya dukani.

Nilitoa kile kitambaa cha kijivu alichojiwekea, anasema kila mwaka kwamba atajishonea suti akipata nafasi. Nikafungua daftari kwa mbele. Vipimo vyake nilivichukua mwaka jana, tulikuwa tunacheka, nilimwambia kiuno kinamkimbia. Nikatandika kitambaa, nikachukua tepu mpya na chaki.

Mkono ukagoma. Namba zile nilizichukua kwa tepu ya zamani. Nikikata kwa mpya kila kitu kitamfupia, suruali itaishia juu ya vifundo, koti litambana kifuani, na watu watamtazama Fundi Nusu kwa mara ya mwisho akiwa amevaa nguo ya mtu mwingine.

Ile ya zamani niliitupa kwenye pipa la vipande siku niliyorudi kuchukua nguo zake, nikaapa nitaichoma. Wifi aliniona nikipekua. Akapiga magoti upande wa pili, tukatoa vipande vyeupe vya mashati, viganja kwa viganja, mpaka tukaipata chini. Akashika mwanzo wake kwenye ukingo wa kitambaa, mimi nikavuta mwisho.

Nikakata kila kitu kwa ile tepu, isipokuwa shavu la mguu wa kushoto. Hilo nililikata kwa mpya, arobaini kama alivyopima muuguzi mara ya mwisho, nikaongeza kidogo asibanwe. Yeye angeshona, mimi nilikuwa nakata siku zote, leo nimeshona pia. Nilijichoma mara moja. Damu ilikata mara moja, nikanyonya kidole nikaendelea. Vifungo alishona wifi. Alivigeuza kimoja kimoja, akavitazama matundu yake kwenye mwanga, ndipo akatia sindano.

4 Mei

Asubuhi tumemvalisha, wifi na mimi na binti yetu. Wifi aligeuza upindo wa suruali, akautazama kwa muda mrefu, akaurudisha.

"Hapa fundi hakuwa na haraka," akasema.

Ilimkaa. Haikuzidi nusu, wala haikupungua.